Wakala na Neno la Siri

Babu yangu hajui kompyuta, basi alimpa kijana mmoja wa dukani neno lake la siri, amshughulikie mambo yake ya Serikali katika intaneti. Likizo iliyopita nilikuta namba ya simu iliyoandikwa humo si yake tena.

Mwenye neno lako la siri, mtambo humwona kuwa ndiye wewe hasa. Wakala ni mbali: yeye hutenda kwa jina lake, kwa niaba yako. Katika Suomi.fi, huduma ya Serikali ya Ufini, mtu hutaja nani amwakilishe, kwa shughuli ipi, na mpaka tarehe gani. Naye aweza kuufuta uwakala huo apendapo. Kwetu Kenya iko hati ya kumpa mtu mamlaka, nayo yaweza kuwekewa mipaka vivyo hivyo.

Tulibadili neno lile siku ile ile. Babu akauliza kama anipe mimi uwakala. Nikamwambia ampe shangazi, maana mimi nakaa bwenini.