Ukurasa wa 14

Mwaka jana mama mmoja wa Kilosa alinipigia simu. Namba yangu alipewa na aliyemuuzia mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa ikitetemeka mpaka beringi ikavunjika. Nikamuuliza kilichotangulia. Fundi, akasema, alibadilisha nyundo mbili zilizolika, nyingine akaziacha.

"Mama, nyundo hubadilishwa seti nzima. Ukichanganya mpya na kuukuu, uzito unaelemea upande mmoja, mashine haitulii."

Akanyamaza kidogo. "Sasa hilo, mwanangu, limeandikwa wapi?"

Limeandikwa ukurasa wa 14. Niliuandika mimi. Kwa miaka 18 kazi yangu ni kuandika maelekezo ya mashine kwa Kiswahili. Lakini kitabu kile mama hakuwahi kukiona: walioniagiza walibana gharama za uchapaji, ndani ya kasha wakatia kikadi chenye alama ya QR. Mama ana kiswaswadu. Beringi alinunua kwa fedha yake.

Skrini siichukii. Marubani wa American Airlines walikuwa wakibeba mkoba wa vitabu na ramani wenye kilo 16 hivi. Mwaka 2013 shirika likakamilisha kuwahamishia kwenye tableti. Zamani marekebisho yakitoka, rubani alichomoa kurasa kuukuu na kupachika mpya, moja baada ya nyingine. Nami najua uchungu wa kosa lililokwisha chapwa: niliwahi kukesha siku mbili nikibandika vikaratasi vya masahihisho katika vitabu 600, kwa sababu ya aina moja ya oili iliyotajwa kimakosa.

Hata Haynes wamehama. Mwingereza John Haynes alitoa mwongozo wake wa kwanza wa karakana mwaka 1966, wa gari la Austin-Healey Sprite. Utaratibu wake ulikuwa kulifungua gari lote na kulifunga tena huku kila hatua ikipigwa picha, kwa hiyo aliyeandika alikuwa amekwisha kuishika nati anayoisimulia. Mwaka 2020 kampuni ikatangaza kwamba miongozo mipya ya magari haitachapwa tena karatasini. Ninachokililia pale ni ule utaratibu, maana maelekezo mengi ya mtandaoni ninayopewa nitafsiri yameandikwa na mtu ambaye mashine hajaigusa.

Ulaya wametafuta njia ya kati. Kanuni yao mpya ya mashine, inayoanza kutumika mwaka 2027, inaruhusu maelekezo ya kidijitali, ila mnunuzi akidai karatasi wakati wa kununua, apewe bure ndani ya mwezi mmoja. Na mashine ikiwa ya watu wasio mafundi, maelezo muhimu ya usalama sharti yawe karatasini. Hiyo naiona haki.

Kwangu, kitabu kinene kimepungua na sikidai kirudi. Sasa kila kazi naitengea karatasi moja ngumu, iliyofunikwa plastiki, michoro mikubwa, maneno machache, ibandikwe ukutani karibu na mashine. Fundi mwenye grisi mikononi haishiki simu. Anainua macho tu. Mengine yakae mtandaoni, yasahihishwe kila inapobidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda kununua mashine, usitoe fedha kabla hujafungua kasha na kuona karatasi ya Kiswahili. Isipokuwemo, mwambie muuzaji akuchapishie palepale dukani.