Ngoma ya Yakusu na programu inayoficha njia yake

Walokele wa kando ya mto Kongo, chini kidogo ya Kisangani, walipelekeana habari kwa ngoma ya gogo lenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Wageni wengi walisikia mdundo mtupu. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, alisikiliza kwa subira, akajifunza kuipiga, na mwaka 1949 akatoa kitabu kinachoeleza siri yake. Katika Kilokele songe ni mwezi na koko ni kuku, na kwenye ngoma, iliyoiga tu kupanda na kushuka kwa sauti, maneno hayo yalilia sawasawa. Kwa hiyo mpigaji aliyarefusha: mwezi unaoitazama nchi, kuku mdogo asemaye kiokio. Maneno ya ziada yaliwekwa ili msikilizaji asipotee.

Watengeneza programu nao huongeza ya ziada, ila wao wanataka msikilizaji apotee. Programu ikishageuzwa kuwa amri za kichakataji, mchunguzi huchora ramani ya njia zake: hapa inauliza, pale inarudia. Ili kuivuruga ramani hiyo, programu hukatwa vipande vidogo vinavyolazwa sambamba, na kipande kimoja kikuu husoma namba na kuamua kipi kifuate. Kwenye ramani, utaratibu wote hutoweka. Huongezwa pia maswali ya bandia. Chukua namba nzima yoyote, uizidishe kwa inayoifuata: je, jibu ni shufwa? Daima ni shufwa, kwa sababu mojawapo ya namba mbili zinazofuatana lazima iwe shufwa. Aliyeuliza anajua kwamba njia ya "hapana" haipitwi kamwe, lakini mchunguzi asiyejua huifuata na kupoteza muda. Mtafiti Christian Collberg na wenzake waliyaeleza maswali ya aina hii huko New Zealand tangu miaka ya 1990.

Hoja yangu ni kwamba mbinu hizi hununua muda tu. Hata programu iwe imevurugwa namna gani, kichakataji lazima kipite njia ya kweli, na anayeandika kila hatua yake ataipata. Mwaka 2001 mtafiti Boaz Barak na wenzake walithibitisha kwa hisabati kwamba hakuna njia moja inayoweza kuficha kikamilifu siri za kila programu. Mtu atauliza: mbona basi makampuni yanazitumia, na hata waundaji wa virusi vya kompyuta vya Emotet walizitumia? Kwa sababu muda una bei. Virusi vinahitaji siku chache tu kabla ya kutambuliwa, na mchezo mpya wa kompyuta unahitaji miezi michache ya mauzo. Programu ya kutuma pesa ni jambo jingine: inakaa kwenye simu za watu miaka mingi, na mwizi ana muda wote huo wa kuichunguza.

Kwa hiyo ninyi vijana wa Kisangani mnaotengeneza programu za kutuma pesa, msiache ufunguo wa siri ndani ya simu ya mteja. Uwekeni kwenye seva, na kila malipo yahakikiwe huko.