Tunamtaka Muuguzi wa Kike, Tutampata Wapi?

Baina ya Magharibi na Isha hapa Ole, uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi ukitajwa, jibu la akina baba huwa moja: wake zetu watakwenda, lakini awachunguze mwanamke. Sisi wa kamati ya msikiti hatulipingi sharti hilo. Mafakihi wa madhehebu yetu wameshaupanga utaratibu: mwanamke hutangulizwa kumtibu mwanamke mwenziwe, na mwanamme huruhusiwa pale anapokosekana, tena kwa kiasi cha haja tu. Tunalouliza ni huyo mwanamke atatoka wapi.

Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa. Muuguzi aliyefunzwa hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa, akasubiri kama dakika moja, na panapogeuka kuwa peupe ndipo penye shaka. Mara nyingi dalili hizo za awali hutibiwa siku hiyo hiyo, kwa baridi kali au kwa joto, miaka mingi kabla hazijawa saratani. Lakini kituoni muuguzi huyo ndiye apimaye wajawazito na ndiye achomaye chanjo. Mzazi akiletwa na uchungu, chumba cha uchunguzi hufungwa. Aliyekwisha kuomba ruhusa kwa mumewe na kuwaacha watoto kwa jirani hurudi nyumbani bila kupimwa. Kumshawishi mara ya pili ni shida.

Kwa miaka mingi waliochelewa wamekuwa wakivuka bahari hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kutafuta mionzi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliihesabia Tanzania wagonjwa wapya wa saratani hii zaidi ya 10,000, na vifo zaidi ya 6,000.

Imamu Ghazali, katika Ihyaa, aliuweka utabibu miongoni mwa faradhi kifaya, akailaumu miji ambayo watu wake walisongamana kwenye fiqhi huku tabibu pekee akiwa si Muislamu. Lawama hiyo, kwa maoni yetu, inatugusa. Binti akifaulu sayansi, tunaona Mbweni, Unguja, ambako SUZA inafundisha wauguzi, ni mbali mno, tunaharakisha posa. Kisha tunasimama mlangoni mwa kituo tukidai muuguzi wa kike! Ada nayo husingiziwa, ingawa harusi zetu, kama tujuavyo sote, hazikosi wachangiaji.

Kuajiri ni wajibu wa Serikali, na tutaendelea kuukumbusha. Kwa sasa tunapendekeza itengwe siku maalumu ambayo muuguzi hapewi kazi nyingine, nasi tuitangaze msikitini. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kupimwa afikapo miaka 30, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na 25, hata kama hasikii maumivu yoyote.

Wazee wenye mabinti wanaomaliza kidato cha nne waonane nasi baada ya sala ya Ijumaa. Fomu za kuombea chuo tutazijaza pamoja.