Tanuri la jua na mkate wa kuuza: mambo ya kupima kabla ya kununua

Katika ziara zetu vigangoni tumeulizwa mara kadhaa na vikundi vya akina mama: je, yafaa kutumia akiba ya kikundi kununua tanuri la jua na kuanzisha bekari ndogo? Swali hili linagusa fedha za wajane na za watu wenye kipato kidogo, kwa hiyo halistahili kujibiwa kwa shauku tu.

Teknolojia yenyewe si ngeni kwa Kanisa katika ukanda wetu. Mwaka 1986, katika kituo cha misioni kaskazini mwa Kenya, mvumbuzi Wolfgang Scheffler alijenga dishi lake la kwanza la vioo lililofanya kazi vizuri. Dishi hilo hugeuka polepole kulifuata jua kwa mtambo ulio kama wa saa, lakini mwanga wake huangukia mahali palepale kutwa nzima. Kwa sababu hiyo tanuri laweza kujengwa ndani ya chumba, na mwokaji akafanya kazi kivulini huku dishi likiwa nje. Scheffler alichagua kutoliwekea hataza, ili mafundi wa vijijini waweze kulitengeneza kwa vyuma na vioo vya kawaida. Jambo hili tunalisifu kwa dhati.

Aina nyingine, iliyo maarufu zaidi, ni sanduku lenye kuta nene, ndani jeusi, juu kioo, na mabati yanayong'aa pembeni. Hilo linafaa kwa mboga, wali na mkate mmoja wa nyumbani. Kwa biashara ni dogo mno, na kila linapofunguliwa joto hutoroka. Mkate huhitaji nyuzi 180 hadi 220 za Selsiasi, tena zisizoyumba. Jua la mchana, anga likiwa safi, hutoa karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Hivyo dishi lenye mita 8 za mraba, hata likipoteza theluthi mbili za nguvu hiyo, hubakiza zaidi ya wati 2,000, takriban sawa na jiko la umeme lenye plate mbili zilizowashwa pamoja. Ni joto la kutosha kuoka awamu kadhaa kwa siku, si la kushindana na kiwanda cha mjini.

Lakini ugumu mkubwa, kwa maoni yetu, hauko kwenye vioo. Uko kwenye saa. Bekari za kawaida huoka usiku ili mkate ufike dukani kabla ya chai ya asubuhi. Mwenye tanuri la jua hukanda unga alfajiri, huacha donge liumuke, kisha huoka kuanzia kama saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mkate wake hutoka wakati wateja wamekwisha kunywa chai. Basi ni lazima atafute wateja wengine: wanafunzi wanaotoka shuleni, wasafiri stendi, chai ya jioni, au wenye maduka watakaokubali kuuza kesho yake mkate uliookwa leo. Hapo skonzi zina nafuu kuliko mkate mkubwa, kwa kuwa huiva upesi hata wingu likipita. Tumewahi kuona tanuri zuri la msaada likigeuzwa kabati la vyombo, si kwa sababu liliharibika, bali kwa sababu hakuna aliyewauliza walengwa wangemuuzia nani saa nane mchana.

Halafu kuna masika. Hamira haisubiri mawingu yaondoke. Donge lililoumuka likikosa moto huporomoka, na unga umepotea. Ndiyo maana matanuri mengine makubwa ya jua huuzwa yakiwa na jiko la gesi la akiba. Vikundi vyetu visibomoe tanuri la kuni walilo nalo. Siku za jua huokoa kuni. Siku za mvua tanuri la zamani huokoa biashara.

Tungeshauri kikundi kianze na daftari kabla ya kuanza na fundi. Kwa miezi mitatu andikeni kila gunia la mkaa na kila mzigo wa kuni, bei yake, na idadi ya mikate iliyookwa. Andikeni pia siku ambazo jua lilikosekana kabla ya adhuhuri. Kikundi kinachonunua mkaa kila wiki katika eneo kavu kinaweza kurudisha gharama yake. Kinachookota kuni bure hakitaona akiba ya fedha, ingawa kitapumzisha migongo ya akina mama, macho yao na miti iliyosalia. Hiyo nayo ni faida, ila haiwezi kulipa mkopo, na mkopo ndio unaokuja kudaiwa mwisho wa mwezi.

Mwisho, vioo vipanguswe vumbi kila asubuhi, na watoto wasisogee mahali mwanga unapokusanyika. Unaunguza ngozi na kuharibu macho kwa muda mfupi sana.