Je, Wajua? Alikwenda kusoma, akaishia vitani

Kwenda Ugiriki kutafuta elimu si jambo la jana. Mwaka 45 KK, Cicero, mwanasiasa wa Roma, alimpeleka mwanawe Marcus akasome falsafa Athens. Kijana akasifika zaidi kwa ulevi na kutapanya fedha za baba. Horace, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, naye alikuwa akisoma huko. Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, alipofika mjini mwaka 44 KK, aliwazoa wote wawili jeshini. Jeshi la Brutus lilishindwa katika vita vya Philippi mwaka 42 KK. Horace mwenyewe alikiri kwamba alitupa ngao akatimua mbio! Alirudi Roma shamba la baba limekwishachukuliwa, akashika kazi ya ukarani. Umaskini huo, alisema, ndio uliomsukuma kutunga mashairi.