Je, Wajua? Servo Husikiliza Muda, Si Nguvu

Je, wajua kwamba servo, ile mota ndogo inayogeuza usukani wa ndege au gari la rimoti, haijali ukubwa wa umeme kwenye waya wa amri? Inachopima ni muda ambao umeme umedumu. Mpigo wa milisekunde 1 huipeleka upande mmoja, wa milisekunde 2 upande wa pili, na wa 1.5 huiweka katikati.

Je, wajua mpigo huo hurudiwa takriban mara 50 kwa sekunde? Katika kila milisekunde 20, waya huwa kimya kwa 18 au zaidi. Ukimya huo una asili yake: redio za mtindo wa zamani zilirusha chaneli zote kwa foleni. Chaneli 8 zenye milisekunde 2 kila moja ni 16, na muda uliosalia ulikijulisha kipokezi kwamba foleni inaanza upya.

Je, wajua milisekunde 1 na 2 si mipaka ya lazima? Maktaba ya servo ya Arduino (bodi ndogo inayoprogramiwa), usipoibadilisha, hutumia mikrosekunde 544 hadi 2,400. Kwa hiyo pima mipigo ya redio yako kwanza.

Je, wajua Arduino Uno huupima mpigo wa kipokezi kwa amri moja tu, pulseIn? Ni rahisi, lakini chipu husimama ikingoja. Mpigo usipofika, na kama hukuweka kikomo, itangoja sekunde 1 nzima. Ndege yenye mwendo wa kilomita 72 kwa saa itakuwa imeshasonga mita 20 bila mwangalizi!

Dawa yake ni katizo: pini ya 2 au ya 3 huishtua chipu umeme unapopanda na unaposhuka, nayo hunakili saa mara mbili na kutoa ya kwanza kwenye ya pili. Saa hiyo, iitwayo micros kwenye Uno, husogea kwa hatua za mikrosekunde 4. Kwa servo inayozunguka digrii 90 kati ya milisekunde 1 na 2, hiyo ni kama theluthi ya digrii. Si haba.

Lakini je, wajua kuna njia bora zaidi, ambayo wengi huipita? Pini ya 8 imeungwa na kihesabu cha biti 16 ambacho hujinakilia wakati chenyewe, papo hapo mpigo unapobadilika. Programu ikichelewa kuja kusoma, namba iliyonakiliwa haibadiliki. Gawanya saa ya megahezi 16 kwa 8, kila hatua inakuwa nusu mikrosekunde, na kihesabu hakijai hadi milisekunde 32.8 zipite.

Je, wajua waya hasi wa kipokezi na wa Arduino lazima ziungwe pamoja? Bila hivyo utasoma namba za ovyo. Na ukitumia chipu ya ESP32 badala ya Uno, hiyo hufanya kazi kwa volti 3.3: mpigo wa volti 5 upunguze kwa rezista mbili kabla ya kuufikisha kwenye pini.

Je, wajua kukosekana kwa mpigo nako ni habari? Mawasiliano yakikatika, baadhi ya vipokezi hunyamaza, vingine hurudia amri ya mwisho, vingine hutoa amri uliyoipanga mapema. Chipu inayotarajia ukimya itadanganywa na kipokezi kinachorudia. Kwa hiyo kabla ya kurusha chochote, ondoa rafadha, zima rimoti, kisha soma namba inayotokea.