Mkono mmoja, maana mbili: ishara za kreni kwenye saiti

Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako amepata kazi kwenye saiti ya ujenzi hapa Manah, makala hii ni yenu nyote. Mitambo ya umeme wa jua ya Manah 1 na Manah 2, yenye megawati 500 kila mmoja, na makumbusho makubwa yaliyofunguliwa hapa mwaka 2023, ni kazi zisizowezekana bila mashine nzito. Mashine za namna hiyo utazikuta pia Nizwa na kwingineko katika mkoa wa Dakhiliya.

Kwenye saiti moja opereta wa kreni anaweza kuwa Mhindi, mfunga mzigo akawa Mbangladeshi, msimamizi Mwomani, nawe umetoka Kigoma, Bukavu au Mombasa. Injini inanguruma, vumbi linapepea, na opereta yuko juu ndani ya kioo. Sauti yako haimfikii. Kinachomfikia ni mkono wako.

Ishara za kujua kwanza

Katika mfumo wa Kimarekani, ambao kampuni nyingi duniani zinautumia, ishara kuu ni hizi:

- Inua mzigo: kunja kiwiko, mkono uelekee juu, kidole cha shahada kielekee juu na kichore duara dogo.
- Shusha mzigo: mkono chini, kidole kielekee chini na kichore duara.
- Zungusha kreni: nyoosha mkono na kuonyesha kwa kidole upande unaotaka.
- Inua mkono wa kreni: nyoosha mkono pembeni, kunja vidole, dole gumba juu.
- Shusha mkono wa kreni: vivyo hivyo, dole gumba chini.
- Simama: nyoosha mkono mmoja pembeni, kiganja chini, uupeleke mbele na nyuma.
- Simama kwa dharura: fanya hivyo kwa mikono yote miwili.

Mtego ulipo

Mfumo wa Ulaya hauko hivyo. Huko, mkono wa kulia ulioinuliwa juu, kiganja mbele, maana yake ni simama. Mikono yote miwili juu, viganja mbele, ni hatari, simama mara moja. Na kuinua mzigo pia huanza na mkono wa kulia juu, kiganja mbele, ila unazungushwa polepole.

Sasa fikiria. Wewe umefundishwa mfumo mmoja, opereta mfumo mwingine. Unainua mkono kumwambia asimame, yeye anaona mkono umekwenda juu, anadhani umesema inua. Tani tatu za chuma zinapanda wakati mwenzako bado ameshika mnyororo. Hakuna aliyezembea hapo. Kila mmoja amefuata alichofundishwa.

Tazama pia dole gumba. Kwetu ukimwonyesha mtu dole gumba juu, umemwambia "poa", "sawa". Kwa opereta wa kreni inaweza kuwa amri ya kuinua mkono wa kreni. Kwa hiyo ukiwa karibu na mashine usisalimie wala kujibu kwa dole gumba, na usipunge mkono kumwita rafiki.

Maneno nayo yana mitego

Utasikia "bas" kwa Kiarabu na kwa Kihindi, nawe utafurahi kwa sababu ni "basi" yetu. Lakini hata sisi tunasema "basi" kwa kumaliza, na tunasema "basi, twende". Usilitumie kusimamisha mashine. Tumieni neno moja mlilokubaliana.

Saa nayo ni mtego. Msimamizi akikwambia kwa Kiarabu kwamba mzigo utainuliwa saa mbili mchana, kwa Kiswahili hiyo ni saa nane. Rudia kwa kusema saa baada ya adhuhuri, au onyesha kwenye simu, msije mkapita chini ya mzigo mkidhani muda bado.

Mkitumia redio, ijaribuni kabla ya kuanza. Anayesikia amri airudie. Sauti ikikatika katikati ya kazi, opereta anasimamisha mzigo. Kimya si ruhusa ya kuendelea.

Kabla ya mzigo kuinuka

Omba dakika tano. Simameni pamoja: opereta, mfunga mzigo na mtoa ishara. Kila mmoja aonyeshe kwa mkono wake inua, shusha na simama. Zisipofanana, chagueni mfumo mmoja papo hapo na msimamizi ajue. Hii haihitaji Kiarabu wala Kiingereza.

Kisha shikeni haya matatu. Mtoa ishara ni mmoja tu kwa wakati mmoja, na avae kizibao cha rangi ya kung'aa ili opereta amtambue. Opereta asipomwona mtoa ishara, mashine isimame. Na ishara ya kusimama inaweza kutolewa na yeyote aliyeona hatari, hata aliyeajiriwa asubuhi hiyo, na opereta lazima aitii.

Hili la mwisho ndugu zetu wengi linawapa tabu. Unajiambia, mimi mgeni, nitaonekana mjuaji, nitapoteza kazi. Elewa kwamba kusimamisha mashine ukiwa na shaka ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kumbuka pia kwamba kuanzia Juni hadi Agosti, sheria ya Oman inakataza kazi za nje juani tangu saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Mtu aliyechoka kwa joto huona ishara akachelewa kuielewa, kwa hiyo kunywa maji na upumzike.

Jioni hii, zifanyeni ishara hizi sebuleni. Mama atoe ishara, baba awe opereta, watoto wakamate makosa. Na wote nyumbani mjue namba ya dharura ya Oman: 9999.